Sahani ya Kitanda cha Saba

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa nimelala kitanda cha tisa na mguu wa kulia ndani ya plasta. Mguu ulivunjwa na nyati. Wapo watu wa Kwa Mrombo watakaokwambia nilianguka na baiskeli. Waache, wao hata baiskeli hawana. Kutoka kitanda cha tisa unaliona dirisha la kupitishia chakula, na nyuma ya dirisha unaliona jiko lote. Hakuna aliyeona kunishinda mimi.

Jambo lilianza na sahani ya bati. Alhamisi mchana ilirudi jikoni tupu, Tabea akaiweka kwenye mizani kama kawaida, na mshale ukasimama mahali pasipowezekana. Sahani tupu ilikuwa nyepesi kuliko sahani tupu. Ilipungua wakia moja nzima. Akaigeuza. Ukingoni palikuwa na pengo, na pembeni mwa pengo palikuwa na alama za meno.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya Wameru kuondolewa na Waingereza kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki, katika hospitali moja njia ya Tengeru, jina lake siliweki hapa. Tabea, binti wa kijiji cha Akheri, alikuwa nesi mwenye cheti chake tayari, akaongezewa mwaka mmoja wa kusomea mlo wa wagonjwa. Masomo yenyewe ni mizani: unapima chakula kinachotoka, unapima mabaki yanayorudi, kilichopungua ndicho alichokula mgonjwa. Mwaka ukiisha, Sista Mzungu akitia sahihi, Tabea anapata cheti cha pili na jiko linakuwa lake. Zilibaki siku tisa.

Kitanda cha saba alikuwa amelala mzee Saruni, Mwarusha mwenye vidonda vya tumbo. Karatasi ya mlo ilimpa maini ya kusaga, yai na maziwa. Akafa Jumatatu alfajiri. Kitanda cha nane alilala Hanna, mtoto wa miaka mitatu, miguu imevimba, nywele nyekundu kama ndevu za mahindi. Yeye karatasi ilimpa uji tu. Tabea aliitazama karatasi, akamtazama mtoto, na ile kalamu ya kumfuta Saruni akairudisha mfukoni.

Lakini sheria ya jiko ilikuwa kila sahani itajwe dirishani, namba na jina, na Sista alikaa stoo upande wa pili wa ukuta, akisikia jina anatia alama. Mambo ya wodini hakuyajua.

"Saba," aliita Lekishon mpishi Jumatatu ile, akaishia hapo.

"Na jina, kaka," Tabea alinong'ona.

"Kwetu mtu akishafukiwa jina lake halitajwi, dada. Unamwita nani? Aje nani?"

"Hayo ya boma la baba yako. Mimi ni Mlutheri."

"Walutheri nao wana nyama, dada."

Tabea akamsukuma kwa bega, akainama dirishani mwenyewe: "Saba! Saruni!" Sista akatia alama. Tabea akaibeba sahani na kumlisha Hanna, na siku tatu hizo mtoto alianza kuangalia watu usoni, akaniomba hata kijiko changu achezee. Ya nne ndiyo hiyo Alhamisi. Tabea aliiacha sahani mezani kwa Hanna dakika moja tu, aende kufuata maji. Aliporudi, maini hayapo, na mtoto amejificha chini ya shuka.

Ijumaa aliita tena. Kwa nini aliita? Kwa sababu ya siku nane na sahihi moja. "Saba! Saruni!"

"Naam," kikajibu kitanda cha saba.

Sauti ilikuwa ya majimaji, kama mtu anayeongea huku anatafuna. Ikaja harufu ya ngozi mbichi iliyonyeshewa, na Tabea, aliyekuwa ameshika sahani, aliona godoro la kile kitanda kitupu linabonyea, halafu linanyanyuka, kama mtu ameinuka. Kitu kikamkamata mkono juu ya kiwiko, kikauma, kikavuta. Alipiga kelele akampiga kwa sahani asiyemwona, na bati likagonga mfupa wa mtu kabisa, pwaa! Nyama ya mkono ikatoka pande la ukubwa wa yai. Damu ilidondoka sakafuni, na tukaona sakafu inalambwa.

"Lifute hilo jina," Lekishon alimwambia akimfunga bendeji. "Nenda kwa Sista sasa hivi, useme."

"Nikisema, mwaka wangu umekwenda."

"Na usiposema?"

"Kesho siiti. Lisipoitwa halitakuja."

Jumamosi hakuita. Saba ikarukwa, sita kisha nane, na Tabea akambeba Hanna mpaka kwenye mizani ya watoto karibu na dirisha, ampime kabla ya kula. Ratili kumi na nane. Alikuwa anaandika pale mtoto alipolia, na alipoinua macho mshale ulikuwa kumi na saba, halafu kumi na sita na nusu, na Hanna yuko palepale kwenye kitambaa cha mizani, hajaguswa na mtu, mashavu yanaingia ndani, mbavu zinachomoza moja moja, na kutoka tumboni mwake inasikika ile sauti ya kutafuna, taratibu, ya mtu aliyecheleweshewa chakula na sasa amekipata.

Lekishon aliruka na mwiko wa ugali mkononi, akarushwa kama gunia akaangukia sufuria ya uji unaochemka, na ngozi ya mkono wake ikavuka mbele ya macho yetu. Sista alitoka stoo akiuliza kelele gani hii, akapigwa kofi lisilo na mkono, akagonga ukuta, pua ikapasuka. Kumi na nne.

"Jina liko kwenye karatasi!" Lekishon alikuwa anagaagaa. "Limeandikwa! Bado linahesabu ni zamu yake!"

Tabea akaishika kalamu, na kidole cha kwanza kikavunjwa, tak, kama kijiti cha kuwashia moto, akaihamishia kwenye vidole vingine, na cha pili kikavunjwa, na Sista amekaa chini hapo hapo anamwangalia, na mshale uko kumi na mbili, na Tabea akaikandamiza kalamu kwa ngumi, kama mtu anayechoma kisu, akapiga mstari juu ya jina mpaka karatasi ikachanika, akipiga ukelele wa kusikika mpaka Akheri: "Alikufa Jumatatu! Chakula chake nilikichukua mimi kwa uongo! Kitanda cha saba hakina mtu!"

Godoro likabonyea mara moja, likanyooka. Harufu ikakatika. Mtoto akakohoa, na mshale ukaanza kupanda.

Sista akajifuta damu, akaiokota ile karatasi.

"Tabea. Huyu mtu nakufa Jumatatu, na wewe naandika nakula?"

"Ndiyo, Sista."

"Kwa sababu gani?"

Tabea akamwonyesha Hanna. Sista akamtazama mtoto, akakunja karatasi. "Mimi naona hiyo kitu kwa macho yangu," alisema. "Lakini karatasi ya uongo, sitii sahihi."

Tabea aliondoka Jumatatu, mkono shingoni, cheti kimoja. Lakini Hanna ndiye aliyeandikiwa maini. Baadaye akina mama walimfuata Tabea mpaka Akheri na watoto waliovimba miguu, akawapikia bila mizani, wakapona. Ila nyumbani kwake haitwi mtu kuja kula. Anakugusa bega. Mgeni mmoja aliwahi kusahau, akamwita mwanawe kwa jina la marehemu babu yake, na Tabea alimziba mdomo kwa ule mkono wenye shimo.

Nami nikiri kitu kimoja nilichokitunga, maana mimi si mwongo. Nyati ni kweli. Meno kwenye bati ni kweli. Ila yule mzee hakuitwa Saruni. Jina lake halisi ninalijua, lakini hata ukinipa ng'ombe mwenye ndama siliandiki, kwa sababu sijui wewe unasoma haya saa ngapi, na mezani kwako pana sahani ya nani.