Waliomo Tumboni mwa Msusi

Lifti ya jengo lile la maduka ilikwama ikiwa imejaa pomoni, na fundi alipofanikiwa kuufungua mlango, wa mwisho kutoka alikuwa msusi mmoja aliyevaa gauni la njano lililombana kiunoni. Wenzake walitoka wakishukuru. Yeye alitoka akigomba: watu wamepikika humo ndani, na huyu bado anatabasamu? Fundi, ovaroli limelowa grisi, alimwomba radhi, kisha akamwomba namba ya simu. Jamani, kuna wanaume wana ujasiri! Akapewa. Mwaka haukuisha wakaoana, na hawakuwahi kuitana kwa majina. Huyu alikuwa Fundi wangu, yule Msusi wangu, hata mbele za watu.

Mimba ilipoingia mwezi wa sita, kliniki wakamkuta Msusi na sukari, ile inayowapata baadhi ya wanawake wakiwa wajawazito. Fundi alilichukua jambo hilo kama anavyoichukua lifti mbovu: kila kitu kipimwe. Akampimia chakula, akamtembeza jioni, akanunua mizani akaiweka chumbani. Msusi alifuata yote, hata njaa ilipomuuma saluni huku wateja wakitafuna mbele yake. Uzito ukazidi kupanda. Sukari nayo ikagoma kushuka.

Asubuhi moja Fundi alitazama namba kwenye mizani, akasema, "Hii haina sababu ya kudanganya, mke wangu. Unakula kwa siri."

Msusi alivaa, akafunga kilemba chake, akachukua mkoba akaenda kwa dada yake. Mdomo umeshamponza bwana. Kila alipopiga simu alipokea dada mtu, na dada mtu ana ulimi: shemeji, mkeo yupo, ila hataki kuongea na polisi.

Basi si angetulia? Wapi! Akaenda kliniki kumshtaki mkewe kwa muuguzi, wamkanye kabla mtoto hajadhurika. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampeleka chumba cha nyuma kwa mtafiti, mama wa makamo anayechunguza kinyesi cha wajawazito wenye sukari. Mtafiti alisema habari za mkewe hatampa, hizo ni za mwenyewe. La jumla atamwonyesha.

"Weka jicho hapa, baba."

Fundi akainamia hadubini. Mwanzoni aliona ukungu. Kisha ukungu ukaanza kutembea. Vijiti, nukta, wengine wanazunguka, wengine wamegandana, wote wana haraka zao.

"Hawa ni bakteria, wanaishi utumboni," mtafiti alisema. "Ndani ya mtu mmoja wamo wengi kuliko binadamu wote duniani. Tunachokula nao wanakila, wanatengeneza vitu vyao, na vitu hivyo vinaingia kwenye damu. Baadhi tunaona vinakwenda pamoja na uzito, vingine na sukari. Kwa vipi hasa, bado tunatafuta. Lakini wanawake wawili wanaweza kula chakula kile kile, mmoja akanenepa na mwenzake asinenepe. Usimwite mtu mwizi wa chakula."

Fundi hakuinua kichwa kwa muda mrefu. Amefungua mitambo maisha yake yote, na hajawahi kuona kitu kama kile. Alilia pale pale, kwanza kwa mshangao, halafu kwa aibu.

Kwa shemeji aliingizwa ndani baada ya kusemwa vya kutosha. Msusi alikuwa kwenye kochi, gauni pana la maua, uso ameugeuzia dirishani. Fundi akapiga magoti.

"Niliamini mizani, sikukuamini wewe. Nimekukosea."

"Nililala na njaa kwa ajili ya huyu mtoto," Msusi alisema. "Wewe ukaniita mwongo."

Fundi alimweleza alichokiona, na Msusi akasikiliza bila kumtazama. Mara tumbo lake likanguruma. Fundi akaomba ruhusa, akapewa, akaweka sikio. Msusi akamwambia asijisumbue, mtoto amelala.

"Najua si mtoto," alisema. Akanyoosha mgongo pale magotini, akasema kwa adabu zote, "Shikamooni, wakwe zangu."

Msusi alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mtoto akaamka na kurusha teke.

"Marahaba," akajibu kwa niaba yao, kisha akamwomba dada yake amletee viatu.