Nduma za Wacera

Kila asubuhi kabla ya shule, Wacera huteremka chemchemini na mtungi wake. Zamani ulijaa kabla hajamaliza kupiga soga na rafiki yake Tabby. Siku hizi maji yanadondoka tu, tena yana matope, na foleni inafika barabarani.

Kinamama walikuwa wameshampata mkosaji. "Ni mikaratusi ya Mathenge," alisema mama yake Tabby. "Inakunywa maji yote. Kesho tunaenda kwa chifu, ikatwe."

Mzee Mathenge alikuwa amesimama palepale na ndoo yake, na hakuna aliyemjulia hali. Miti ile aliipanda kule juu, mbali na chemchemi, aje aezekee nyumba. Wacera aliinamisha kichwa, nafsi ikimsuta.

Yeye ndiye aliyejua. Alitaka nduma zake, yaani magimbi, zishinde zote kwenye maonyesho ya shule, na nduma hupenda maji. Basi alijificha nyuma ya chemchemi, akafyeka matete yote, akazipanda hapo na kuchimba mtaro wa kuzivutia maji. Nduma zilinona kweli. Sasa hakuweza hata kuzitazama.

Jioni nyanya yake, Cucu Phyllis, alirudi kutoka mto wa mbali, ng'ambo ya mlima, akichechemea, mtungi mgongoni. Wacera aliweka kando bakuli lake la githeri, mahindi na maharagwe.

"Cucu, si Mzee Mathenge. Ni mimi. Nilifyeka matete nipande nduma."

Cucu alitua mtungi. "Na ulikuwa unaniona nikipanda huo mlima?"

"Nilikuwa nakuona."

"Kesho utawaambia, Mathenge akisikia. Nitasimama na wewe, lakini sitakusemea."

Asubuhi Wacera alisema yote mbele ya foleni, machozi yakimtoka. Mama Tabby alitazama chini. Mathenge aliondoka, na Wacera akadhani amekasirika. Kumbe alikwenda kuchukua jembe. Siku hiyo wote waling'oa nduma, wakafukia mtaro na kupanda matete upya.

Mvua za Novemba ziliponyesha, maji yalirudi yakiwa safi. Wacera alifurahi, akadhani mambo yamekwisha.

"Matete yanashika udongo na kufunika maji jua lisiyamalize," Cucu alimwambia. "Ukiyaharibu, unaweza kuyapanda tena. Lakini Mathenge alikaa miezi miwili bila kusalimiwa, kwa makosa yako. Siku hizo utazirudisha kwa kupanda nini?"

Tangu siku hiyo, Wacera humsalimu Mathenge kwanza, kisha humjazia ndoo kabla ya mtungi wake mwenyewe.