Dirisha la Dakika Nane

Saa 4:00 asubuhi. Kitengela, chumba cha nyuma ya bucha.

Njuguna alichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia nyama. Lango. Stoo ya vito. Chumba cha mlinzi, mlango wa chuma. Humo mlinzi, mzee Jimale, angekuwa akitazama kamera kwenye kompyuta, kitufe cha king'ora karibu na kidole chake.

"Eleza hiyo kitu yako," Njuguna alimwambia Mutindi.

Mutindi, fundi wake wa kompyuta, alieleza kwa sauti ndogo. Programu yake ingefungua dirisha lisilo na ukingo wala alama ya kulifunga. Lingejaza skrini yote na kukaa juu ya madirisha mengine. Ndani yake, picha ya jana: ua mtupu, mbwa amelala kando ya mfereji. Baada ya dakika ishirini lingejifunga. Mzee hangeona kitu, na asipoona hakuna sababu ya kumgusa. Hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Mwezi uliopita alirekebisha kompyuta ile, na mzee akamgawia chapati yake.

Saa 5:30.

Nyuma ya ukuta wa mabati, Njuguna alimwagiza Maweu, mtu wake wa bunduki: wakitoka stoo, ammalize mzee. Mzee angeikumbuka sura ya fundi.

Mutindi alitokeza mlangoni. "Uliniambia hakuna damu."

"Nilisema hivyo ndio uandike."

Maweu alicheka, akamwambia arudi kwa kompyuta kabla hajaanza kulia. Msichana mwenye haya namna hiyo, nani angemwogopa?

Alirudi. Akafuta 20, akaandika 8. Akaongeza mstari mmoja: dirisha lake likifungwa, lile la kamera lije mbele, lijaze skrini. Akahifadhi kwenye disketi.

Saa 6:55.

Katika chumba cha mlinzi, Maweu alisimama nyuma ya Mutindi kama msaidizi, bastola ndani ya boksi la vifaa. Hakukuwa na nafasi ya kumnong'oneza mzee lolote. Mutindi aliingiza disketi.

"Umekula, msichana yangu?" mzee aliuliza.

Saa 7:00. Ua mtupu. Mbwa amelala.

Mutindi alienda kwenye Peugeot ya kutorokea, nje ya lango. Njuguna aliruka ukuta wa nyuma, akakutana na Maweu stoo.

Saa 7:08.

Walikuwa hatua kumi kutoka mlango wa mlinzi, mfuko wa vito begani. Kwenye skrini, mbwa alitoweka. Wanaume wawili, bunduki mbili.

Mzee alisukuma komeo la mlango. King'ora kikalia.

Maweu alimimina risasi kwenye chuma. Moja ilirudi, ikampasua shingo. Alianguka akizuia damu kwa mikono yote miwili.

Njuguna alikimbilia gari. Mutindi alikuwa ameketi kwenye usukani. Ufunguo alikuwa ameutupa ng'ambo ya senyenge.

"Ulisema dakika ishirini."

"Na wewe ulisema hakuna damu."

Njuguna alimpiga risasi ya bega. Alipolenga tena, polisi wa kizuizi cha barabarani, walioitwa na mlio wa king'ora, walimwangusha kwa risasi tatu.

Mzee Jimale alifika akihema, akavua kitambaa cha kichwani, akakandamiza kidonda cha Mutindi.

"Huyu ni fundi yetu," aliwaambia polisi. "Wamemuumiza bure."

Mutindi alimkagua mzee kutoka kichwani hadi miguuni. Alikuwa mzima.

"Disketi iliyo kwenye kompyuta ni yangu," Mutindi alisema, akamnyooshea polisi mwenye pingu mkono usio na jeraha.