Meno ya Minza

Kila asubuhi Khole alimshika mkono mdogo wake Ghalibu, wakakata vichochoro vya Gongoni hadi shuleni. Khole alikuwa darasa la sita na Ghalibu darasa la kwanza. Kwa kuwa alikuwa dada wa zamu, Khole aliwapanga wadogo mstari, akawakagua kucha na masikio, na saa nne akawagawia uji.

Mwaka ule serikali ilikuwa imeagiza kila mtoto aliyetimiza umri apelekwe shule, na darasa la kwanza likafurika. Mwalimu Benedikta alikuwa na watoto tisini na mmoja, wengi wakikaa chini na kuandika herufi mchangani. Miongoni mwao alikuwamo Minza, msichana mwembamba aliyeletwa kutoka Usukumani na baba yake, Ng'washi, kibarua wa reli. Kiswahili hakukijua. Siku yake ya kwanza kwenye foleni ya uji aliinama mbele ya Khole kwa adabu na kusema, "Mwangaluka," kama wasalimianavyo kwao asubuhi.

Khole akabana pua, akairudia salamu ile kwa kuivuta kama mbuzi anayelia. Foleni nzima ikaangua kicheko. Hakukusudia ubaya, alipenda tu kuchekesha. Lakini watoto wadogo ni wepesi wa kuiga. Tangu hapo kila Minza alipopita walimlilia kama mbuzi, mpaka akaacha kusalimia watu. Uji wake akawa anaunywa peke yake, nyuma ya stoo ya majembe.

Alhamisi moja Ghalibu alirudi nyumbani na alama za meno mkononi.

"Nani amekuuma?" aliuliza mama yao, Bi Tufaha.

"Minza."

"Ulimfanya nini?"

"Sikumgusa," alijibu Ghalibu, na kweli hakumgusa.

"Basi kesho nakwenda shuleni mwenyewe."

Khole aliendelea kuosha vyombo. Alijua alichofanya mdogo wake, na alijua amekipata wapi.

Kesho yake Bi Tufaha na wanawe walimkuta Ng'washi amekwisha kuitwa, amesimama mbele ya meza ya Mwalimu Benedikta na kofia mkononi. Minza alikuwa amejificha nyuma yake.

"Mama, unisamehe," Ng'washi alimwambia Bi Tufaha. "Mtoto huyu mama yake amefariki. Nilidhani shule itamfaa."

"Ni mara ya tatu sasa anauma wenzake, Ndugu Ng'washi," alisema mwalimu kwa unyonge. "Wazazi wanalalamika. Mwalimu Mkuu ameona akae nyumbani hadi mwakani."

"Basi nitamrudisha kwa bibi yake, akachunge."

Minza hakuelewa maneno yao, ila alimtazama baba yake usoni. Kisha akasogea, akaweka daftari lake juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Khole akapiga hatua mbele.

"Mwalimu," alisema, "ni mimi. Siku ya kwanza alinisalimia vizuri, nikamwigiza. Wadogo wamejifunza kwangu."

Mwalimu akamgeukia Ghalibu. "Walikuwa wanafanyaje?"

Ghalibu alilia kama mbuzi. Safari hii hakuna aliyecheka. Minza akaziba masikio.

Bi Tufaha akainamisha kichwa. "Kaka," alimwambia Ng'washi, "wako amekosa kwa meno, wangu wamekosa kwa ulimi. Mimi ndiye wa kuomba radhi."

Mwalimu Benedikta akalichukua lile daftari na kumrudishia Minza. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu, wakazungumza kwa muda, na aliporudi alisema mtoto atabaki.

"Zamu ya uji ataishika mwingine," alimwambia Khole. "Wewe, kila mapumziko, utakaa na Minza. Umfundishe Kiswahili, naye akufundishe Kisukuma."

Darasani mwalimu alianzisha jambo jipya. Kila asubuhi, kabla ya kuhesabu, watoto walisema wameamkaje: kwa furaha, kwa huzuni au kwa hasira. "Hasira si kosa," aliwaambia. "Kosa ni kumuumiza mwenzako. Ukikasirika, sema." Bi Tufaha naye akawa anawauliza wanawe vivyo hivyo kwenye sinia la chakula cha jioni, na mara nyingi majibu ya Ghalibu yalimshangaza.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili Minza aliuma tena, na Khole akakaribia kukata tamaa. Lakini mwezi wa pili, mtoto mmoja alimpokonya vijiti vyake vya kuhesabia. Minza akafura, akafungua kinywa, na wenzake wakarudi nyuma.

"Nimekasirika," alisema Minza. "Nirudishie."

Yule mtoto akavirudisha, kisha akaomba wahesabu pamoja.

Khole alikuwa mlangoni na Mwalimu Benedikta, na wote wawili waliona.

"Unaona?" mwalimu alisema. "Mtoto hazaliwi akijua kusema lililo moyoni mwake, wala kuona lililo moyoni mwa mwenzake. Hufundishwa, kama anavyofundishwa a, e, i. Na sisi tuliomtangulia ndio ubao wake, Khole. Anasoma kile tulichoandika."