Ujumbe Uliopotoka Ofisini kwa Shangazi

Kila alasiri akitoka shule, binti mmoja wa darasa la sita, aliyeitwa Chiriku kwa kupenda maneno, alipitia ofisini kwa shangazi yake, fundi wa tovuti. Shangazi alikuwa akiboresha tovuti ya zahanati inayowakumbusha kina mama siku ya chanjo kwa ujumbe wa simu. Tovuti ya ofisini ilikuwa ya majaribio tu, na namba pekee iliyokuwamo ilikuwa ya shangazi mwenyewe.

Siku hiyo shangazi alitoka kidogo. Tovuti ya majaribio ikagoma kufunguka. Badala ya kusubiri, Chiriku alichukua nakala ya mipangilio ya tovuti halisi ya zahanati, iliyohifadhiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, akaibandika juu ya ile ya majaribio. Ikafunguka! Akaandika kwa mzaha: "Chanjo ya kesho imeahirishwa. Sindano zimekwenda likizo." Akabonyeza kitufe cha kutuma.

Skrini ikaonyesha: "Umetumwa kwa watu 214."

Chiriku akaisoma tena namba hiyo. Mipangilio ile ilikuwa na namba za kina mama wote!

Shangazi aliporudi, simu yake ikaita. Alikuwa muuguzi wa zahanati.

"Dada, nani kaahirisha chanjo? Kina mama wananipigia mfululizo!"

"Labda mtandao umevurugika. Ngoja niangalie."

Chiriku angeweza kunyamaza; mtandao usingejitetea. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, si mtandao. Ni mimi."

Akaeleza yote, machozi yakimlengalenga. Shangazi hakufoka. Alivuta kiti.

"Kaa. Andika masahihisho, niyasome kabla hayajaenda."

Wakayatuma. Kisha wakaanza kuwapigia simu wale ambao hawakujibu. Chiriku alirudia "Samahani mama, chanjo ipo kesho" mpaka sauti ikamkwaruza.

"Kumbe ndiwe uliyezipa sindano likizo!" mama mmoja akacheka. "Mwanangu alikuwa ameshaanza kushangilia."

Kesho yake mabenchi ya zahanati yalijaa. Wawili tu hawakufika, na muuguzi akawafuata nyumbani.

Jioni shangazi aliifuta ile nakala ya zahanati.

"Hapo nilikosea mimi, haikupaswa kukaa kwenye kompyuta hii," alisema. "Mipangilio ya majaribio ikae kivyake, na ya kazi halisi kivyake. Kwenye majaribio kosea utakavyo, ndiyo kazi yake. Lakini kwenye kazi halisi kuna watu, mwanangu, hapaguswi kwa haraka. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana. Ungenyamaza, tungekuwa bado tunaulaumu mtandao, na watoto wamekosa chanjo."