Kitana cha Mzee Saverio

Nilikuwapo. Atakayewasimulia vingine ni mwongo, tena mwongo asiye na kipaji. Yote niliyaona kwa macho haya mawili.

Kwetu huku milimani Kalabria, wembe uliomnyoa maiti huingia naye jenezani. Ndevu zake hazijui kwamba amekufa. Zikiota, ajinyoe mwenyewe, asije kumsumbua mtu. Ndiyo maana kila kinyozi ana wembe wake wa hovyo kwa kazi hiyo.

Jioni moja, kengele za kanisa zikilia, kinyozi Nunzio aliitwa kumnyoa marehemu Saverio, mzee mwenye upara na jicho baya. Enzi za uhai wake, akimsifia punda wako, punda hafiki Jumapili. Nunzio akabeba mkoba mbiombio, mimi nikamfuata kumshikia beseni. Kufungua mkoba... wembe wa hovyo haumo. Uliomo ni ule wa kukunja aliorithi kwa baba yake, wenye mpini wa pembe ya ndovu.

Akanyolea huohuo.

Krr... krr...

Alipofika chini ya taya la kushoto, akabakiza kiraka cha ndevu. Akaacha hivyo hivyo. Mjane, Bi Assunta, alipogeuka kukata utambi wa mshumaa, Nunzio akaviringisha kitana katika leso, kionekane kama wembe, na kukisukuma chini ya kiganja cha maiti. Wembe akautia mfukoni.

Niliona.

"Umemwekea wembe wake, fundi?"

"Nimemwekea, mama."

Jumamosi, Saverio akiwa ameshazikwa, jua likizama, akaja Tino kunyolewa. Kesho yake alikuwa anamwoa Filomena, binti pekee wa Nunzio. Mimi nilikuwa kwenye benchi, nangoja zamu.

"Ninyoe vizuri, baba mkwe. Binti yako asije akalia kanisani."

"Atalia tu, akishakuona kwenye mwanga."

Tukacheka. Kisha wembe ukagusa shavu.

Harufu ya mshumaa ikajaa dukani. Hamkuwa na mshumaa.

Nunzio akapangusa wembe kwenye kitambaa. Akaganda. Tino ni kijana wa miaka ishirini na miwili, ndevu nyeusi kama lami. Povu lile lilijaa ndevu nyeupe.

"Vipi, baba?"

"Usiongee. Usitikisike."

Akataka kuuweka chini wembe. Mkono ukakataa. Ukateremka wenyewe, polepole... hadi chini ya taya la kushoto, pale mshipa unapopiga.

Na sauti, karibu na sikio la Nunzio:

"Hapa... bado."

Tone moja la damu likachuruzika shingoni mwa Tino.

Nunzio akaudaka wembe kwa kiganja cha mkono wa pili, makali yakazama nyamani. Akafinya kwa nguvu zake zote.

"Toka, Tino! Toka!"

Asubuhi, kabla ya harusi, alikwenda kwa Bi Assunta kuungama, kiganja kimefungwa kitambaa, mimi nyuma yake. Hakupata hata nafasi ya kuanza. Mjane alikuwa mlangoni, ameshika leso. Ndani yake mlikuwa na kitana, kimeganda udongo.

"Amekirudisha," alinong'ona. "Anasema hana nywele za kuchana."

Tuliufukia wembe kaburini mwa Saverio, sote watatu.

Tangu siku hiyo Nunzio hagusi wembe wa kukunja. Ana kile kidude cha kisasa kisichokata hata siagi. "Fundi, leo unatunyoa kwa kijiko?" watu humchokoza. Yeye hutazama tu kiganja chake.

Tino sasa ana watoto watatu. Ndevu zake bado nyeusi. Ila chini ya taya la kushoto, mahali padogo kama sarafu, huota nyeupe.

Sasa niseme ukweli, maana padri ataniuliza. Ile sauti ya "Hapa... bado" niliitia mimi katika hadithi, ili mtetemeke.

Kitana sikukitia. Nilikipokea kwa Bi Assunta kwa mkono wangu huu, asubuhi ile ya baridi.

Kilikuwa na joto, kama kitu kilichokuwa kimeshikwa na mtu muda huohuo.