Bundi Katika Sala ya Nesta

Ambilikile alikuwa akirudi kinyumenyume na kamera yake sokoni Tunduma, akipiga picha foleni ya malori, mara akaketi kitako juu ya vitenge vya watu.

"Kaka, hicho ni kiti?" aliuliza Nesta, gauni lake la njano likiwaka kuliko bidhaa yake.

"Samahani, dada. Natafuta sura ya filamu, kumbe nimeikalia mali yake."

Nesta akacheka. Mwezi haukuisha wakawa wanaitana mpenzi, na Nesta akakubali kuigiza katika filamu yake mama anayemwombea mwanawe mgonjwa. Aliomba kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, kama mama yake alivyomwombea yeye utotoni, machozi yakimtoka ya kweli.

Ila Ambilikile alikuwa ameiweka taa sakafuni, ikammulika Nesta kutokea chini ya kidevu. Kwenye kuhariri akaitia picha giza, akaifuta sauti ya Nesta, akapachika ngoma nzito na mlio wa bundi.

"Hapa watashika viti!" alijisifu.

Filamu ilipoonyeshwa mjini, walishika kweli. Kesho yake wateja wakaanza kuipita meza ya Nesta kwa mbali.

Simu ya Ambilikile ikalia. "Ambi, umenifanya mchawi. Sala ya mama yangu umeipa bundi."

"Mpenzi, ni taa na sauti tu..."

"Haya, nenda kaoe taa."

Akakata. Ambilikile, aliyekuwa akitania soko zima, sasa alipita ameshusha kofia hadi puani.

Jumamosi mchana alibeba runinga na kompyuta yake ya kuhariria mpaka sokoni, akachomeka umeme kwa Ferista, fundi simu. Akaonyesha tukio lile na bundi wake. Wanawake wakarudi nyuma. Kisha akaondoa bundi na ngoma, akaongeza mwanga, akairudisha sauti ya Nesta. Machozi yakaonekana. Sala ilipokwisha, mama mmoja muuza dagaa akajikuta amesema, "Amina."

"Mama zangu, bundi nilimweka mimi," alisema Ambilikile, akitazama viatu vyake. "Yeye alikuwa anaomba."

Nesta akapiga kitenge kwa kiganja. "Kaa hapa. Na uvue kofia, watu wakuone."

Akavua. Jua likampiga usoni, jasho na aibu vyote hadharani.

"Jumapili uje kwetu Chitete, umweleze mama mwenyewe habari za huyo bundi."

"Nije peke yangu?"

"Thubutu! Uje na mshenga."